Waliosubiri Kileleni

"Na sisi tutapumzika saa ngapi?"

Swali hilo liliulizwa juu ya kilima, kando ya barabara ya vumbi, mbele ya kundi zima la vijana wa kanisa. Halikujibiwa. Mmoja alikuwa anafunga kamba ya kiatu. Mwingine alikuwa anasukutua maji na kuyatema majanini. Kiongozi wao alikwisha panda baiskeli, mguu mmoja juu ya pedali, ameshaanza kuimba. Swali likapita katikati yao kama upepo unavyopita kwenye misonobari, likaenda zake.

Lishikeni swali hilo, ndugu zangu. Msilitupe. Tutalihitaji.

Palikuwa na binti mmoja wa kidato cha pili, mtoto wa mama muuza viazi. Kwao ni nchi ya milima, kule ambako mwezi wa sita ukiamka asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi. Shule zikifungwa, watoto wa kule hawaulizwi watafanya nini likizoni. Viazi vinawangoja shambani. Lakini mwaka huo mwalimu wa vijana wa usharika alikuja na jambo jipya. Alisema, vijana, likizo hii hatutakaa tu. Tutasafiri kwa baiskeli, kundi zima, tuvuke milima mpaka usharika ule wa upande wa pili, kule ambako ukisimama ukingoni unaliona ziwa chini yako. Tutalala kwenye makanisa ya njiani, tutapika wenyewe, tutaimba kila kijiji. Vijana wakapiga vigelegele. Fulana zikachapishwa, za kijani, na mgongoni yakaandikwa maneno makubwa: HATUMWACHI MTU NYUMA.

Maneno mazuri, au siyo? Nami naona ni mazuri. Yangekuwa mazuri zaidi kama yangeandikwa kifuani, ili aliyevaa ayasome. Lakini yaliandikwa mgongoni.

Binti akaenda kwa mama yake kuomba baiskeli. Nyumbani mwao baiskeli ilikuwa moja tu, na ilikuwa ya kazi. Ilibeba viazi kutoka shamba hadi sokoni.

"Baiskeli hii ndiyo miguu yangu, mwanangu," mama akamwambia. "Ukiondoka nayo, magunia yatahamia kichwani kwangu."

"Ni wiki moja tu, mama."

Mama akaendelea kumenya viazi. Akamenya kimoja, akamenya cha pili. Kisha akasema, "Chukua. Ila nisikilize. Unaondoka kwa miguu yako, na ufike kwa miguu yako. Usije ukaniletea habari kwamba umeachwa njiani kwenye nyumba za watu kama furushi. Ukiachwa, hebu niambie, hivyo viazi nitakavyokuwa nimebeba kichwani, nitakuwa nimevibebea nini?"

"Nitafika, mama."

Basi hiyo ndiyo ahadi. Watoto wetu wanabeba ahadi nzito kuliko tunavyodhani, na nyingine hazionekani kwenye keria.

Nikitaja keria, natoka sasa kwenye nyumba ya mama nakwenda kwenye uwanja wa kanisa, asubuhi ya safari. Wenzake walikuja na baiskeli za gia. Mnazijua? Nyembamba, zina rangi rangi, nyepesi kiasi kwamba unaweza kuinyanyua kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukala ndizi. Binti alikuja na baiskeli ya mama yake: chuma kitupu, haina gia hata moja, na nyuma ina keria pana iliyochomelewa kwa nondo na fundi wa pale sokoni, ya kulaza gunia zima la viazi.

Pale uwanjani palikuwa na sufuria kubwa ya kanisa, ile ya sherehe. Palikuwa na unga, maharage, chumvi, kidumu cha mafuta na turubai. Mwalimu wa vijana akavitazama, akakuna kichwa, akauliza, "Nani ana keria?"

Baiskeli za gia hazina keria. Wote wakageuka kumtazama binti.

"Bwana ana makusudi na keria yako, binti yangu!" mwalimu akasema kwa furaha.

"Amina!" wakaitikia.

Sufuria ikafunikizwa juu ya unga, unga juu ya maharage, vyote vikakazwa kwa vipande vya mpira wa baiskeli. Wakamwekea mikono, wakaombea safari. Naomba mnisikilize vizuri hapa. Yule mtoto alitwishwa chakula cha kundi zima, na alitwishwa kwa amina. Hakuna aliyeuliza, "Je, ni mzito?" Hakuna aliyesema, "Tupokezane." Tukishasema amina juu ya mzigo wa mtu, tunaona tumeshausaidia kuubeba.

Sisemi mwalimu yule alikuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya, mfano huu ungekuwa rahisi, na sisi sote tungetoka humu ndani salama. Alikuwa mpole. Alijua majina ya watoto wote. Alikuwa na kisanduku cha dawa na pampu ya upepo, na tairi la mtu likitoboka alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Hata utaratibu wa safari aliupanga kwa moyo mwema. Alisema, wenye nguvu watangulie kwenye vilima, wasilazimishwe kwenda pole pole. Wakifika juu wasimame, wawasubiri wenzao. Wa mwisho akifika tunahesabiana, tunaimba ubeti mmoja, tunaondoka pamoja.

Masikioni ni utaratibu mtamu. Hebu uweke barabarani tuuone.

Kilima cha kwanza. Kijana mmoja wa gia, mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu kuliko miguu, akafika wa kwanza. Akalaza baiskeli yake kwenye majani, akalala chali, akafunika uso kwa kofia. Wakaja wengine, mmoja mmoja, wakaketi, wakanywa maji, wakapiga picha. Wakakaa wee, mpaka jasho likakauka migongoni. Huko chini, binti alikuwa ameshuka kwenye baiskeli, anaisukuma, mikono imekaza usukani, kifua kimeinama mbele. Nyuma yake alikuwa na mwenzake mmoja, binti wa miwani, ambaye cheni yake ilikuwa inaruka kila akikanyaga kwa nguvu. Wawili hao ndio waliokuwa wa mwisho.

Walipotokeza juu, kijana wa gia akainuka, akaweka mikono mdomoni: "Piiip! Piiip! Jamani pisheni, lori hilo! Lori limefika!"

Wakacheka. Hata binti akacheka, kwa sababu lilikuwa la kuchekesha, na kwa sababu usipocheka unaambiwa una kisirani.

"Wamefika wote!" akasema mwalimu. "Mungu ni mwema. Haya, tuimbe, twende!"

Wakaimba ubeti mmoja, wakapanda. Binti alikuwa bado hajatua mguu wa pili chini. Na hapo ndipo akauliza, si kwa hasira, kwa kutaka kujua tu, maana alidhani pengine kuna sehemu ya utaratibu ambayo hakuisikia vizuri uwanjani:

"Na sisi tutapumzika saa ngapi?"

Kamba ya kiatu. Maji ya kusukutua. Wimbo. Na upepo.

Mnaona kilichotokea? Aliyefika wa kwanza alipumzika sana. Aliyefika katikati alipumzika kiasi. Aliyefika wa mwisho, ambaye ndiye mwenye mzigo na ndiye aliyechoka kuliko wote, akapumzika ubeti mmoja wa wimbo, tena amesimama, tena anaimba! Halafu kilima kinachofuata, wanashangaa kwa nini amechelewa zaidi. Wanasema, "Huyu naye!" Hebu niambieni, ninyi mliosoma hesabu: mchovu akinyimwa pumziko na mwenye nguvu akiongezewa, umbali kati yao utapungua au utakua? Huo ndio utaratibu tuliouombea.

Kilima cha pili, mabinti wawili wanasukuma. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, udongo mwekundu, ukungu unashuka. Binti wa miwani akafuta vioo vyake kwa fulana, akasema, "Unajua wanafanya nini kule juu sasa hivi?"

"Wanatusubiri."

"Wanapumzika. Kutusubiri ni jina tu."

Binti wa viazi akacheka mpaka baiskeli ikayumba. "Shika huku nyuma, usinichekeshe, nitamwaga chakula cha watu wa Mungu."

Walipofika juu, kijana wa gia alikuwa anajinyoosha. "Dada Lori, leo mmetusubirisha mpaka nimeota ndoto."

"Uliota unakula nini?"

"Wali maharage."

"Maharage ninayo hapa kwenye keria. Wali, rudi ukautafute hukohuko ndotoni."

Wakacheka tena. Kucheka walicheka, kushuka kwenye baiskeli, hakuna aliyeshuka. Binti akamgeukia mwalimu. "Mwalimu, naomba tukae kidogo tu. Miguu inanitetemeka."

Mwalimu akatazama jua. "Binti yangu, saa zinatuacha. Jikaze kidogo. Sisi tumekusubiri sana, na wewe basi tusaidie."

Tumekusubiri sana! Ndugu zangu, neno hilo lina uongo ndani yake, na msemaji wake anaweza asijue. Mtu aliyelala chali kwenye majani, kofia usoni, anaamka na kumdai aliyekuwa anasukuma chuma mlimani. Yaani pumziko langu mimi limekuwa deni lako wewe. Nimekula usingizi, wewe ulipe. Na wewe kwa sababu umefika unahema, huna hata pumzi ya kubisha.

Wakaondoka.

Kilima cha tatu kilikuwa kikali kuliko vyote. Juu yake kulikuwa na kijiji kidogo, kanisa dogo la mabati, na nyumba ya mwinjilisti yenye maua ya manjano mlangoni. Walioko mbele wakafika, wakapumzika, wakachoka kupumzika. Baridi ikawaingia. Na watu waliopumzika kupita kiasi, wakipata baridi, huanza kufikiri. Wakaitana, wakakaa duara.

Binti alipotokeza, hakuna aliyepiga honi. Akakuta ukimya, na ulikuwa ukimya wa watu waliokwisha kubaliana. Kijana wa gia alikuwa anatazama tairi lake kama vile ndiyo kwanza analiona. Mwalimu akamjia, akamshika bega kwa upole.

"Binti yangu, tumekaa, tumeomba, na tumepiga kura."

"Kura ya nini, Mwalimu?"

"Ninyi wawili mtabaki hapa kwa mwinjilisti. Mke wake ni mama mwema sana, mtapata chai ya maziwa, mtapata blanketi. Sisi tutawapitia tukirudi. Usilie. Tumeamua kwa upendo."

"Nimepigiwa kura na mimi niko barabarani nasukuma?"

"Tusingeweza kuendelea kukusubiri, binti."

"Lakini, Mwalimu, nimefika nimewakuta mmekaa mnanisubiri. Sasa mlishindwaje kunisubiri nifike na mimi niseme?"

Na sisi tuliomo humu hatuna jibu la hilo, tusijidanganye. Mwalimu akageuka kumwonyesha nyumba ya mwinjilisti, mlango ule wenye maua ya manjano, na alipogeuka binti akabaki anautazama mgongo wake. HATUMWACHI MTU NYUMA. Mkono unamwonyesha atakapoachwa. Mgongo unamwambia haachwi.

Binti akamwona mama yake. Alimwona waziwazi, yuko kwenye njia ya sokoni, shingo imekakamaa chini ya gunia, anahesabu siku ili mwanawe afike. Kama furushi, mama alisema. Kwenye nyumba za watu.

"Sawa, Mwalimu," akasema. Akaegesha baiskeli, akaanza kufungua mipira. Akashusha sufuria. Akashusha unga. Akashusha maharage, chumvi, kidumu cha mafuta, turubai. Vikajaa barabarani kama duka linalohama.

"Mzigo tuachieni sisi," akasema kijana wa gia, akifurahi kupata kazi ya kufanya, maana aibu hutafuta kazi. "Huu hautushindi."

Akainua sufuria. Akaitundika kwenye usukani. Ikabembea, ikagonga gurudumu, gwaa! Akaigeuza; ikamzuia kuona mbele. Mwingine akapakata unga mapajani, akajaribu kukanyaga pedali, magoti yakaugonga, mfuko ukapasuka pembeni na yeye akawa mweupe mpaka nyusi. Maharage yakajaribiwa begani, yakajaribiwa kwenye mlingoti wa baiskeli, yakaanguka mara zote. Turubai halikukubali popote. Wakasimama wameshika viuno, wanakitazama chakula chao kama watu waliokutana na ng'ombe mlangoni.

Ndipo mmoja wao, sijui nani, akauliza kwa dhati kabisa: "Kwani tulikuwa tunabebaje?"

Jamani! Tulikuwa! Tulikuwa tunabebaje! Toka uwanja wa kanisa mpaka kilima cha tatu, lini walibeba? Mzigo ulikuwa wa binti peke yake wakati wa kupanda, ukawa wa "sisi" wakati wa kusimulia. Na hapo ndipo wakaelewa kitu ambacho hata mbuzi angewaambia: aliyekuwa anawachelewesha ndiye aliyekuwa amebeba chakula chao cha jioni. Kila kilima walichosema wanamsubiri binti, walikuwa wanakisubiri chakula, ila hawakujua.

Mwalimu akakohoa. "Nadhani... moyo wangu unaniambia tulifanya haraka. Kura ile tuifute. Nani anakubali?"

Mikono ikapanda upesi kuliko mara ya kwanza. Ya kijana wa gia yote miwili.

"Asante Mungu! Binti yangu, tumekurudisha kundini. Haya, funga mzigo, twende."

Binti hakugusa mpira hata mmoja. "Mwalimu, shikamoo," akasema, na wote wakajua kwamba shikamoo inayotolewa katikati ya mazungumzo inatangulia jambo zito. "Naomba kuuliza bila kukukosea adabu. Mmenirudisha mimi, au mmeirudisha sufuria?"

Macho ya wote yakaenda kwenye sufuria.

"Basi kama nitaendelea au nitabaki, nitawajibu nikishapumzika."

Akaichukua ile sufuria ya kanisa, akaifunika chini, akaikalia. Binti wa miwani akaketi juu ya mfuko wa maharage, akasema, "Nisogeze na mimi nafasi ya miguu." Wakavua viatu. Wakanywa maji taratibu, kwa kupokezana chupa, na baada ya kila funda wakatazama mabonde. Na kundi zima likasimama pale barabarani limeshika baiskeli, na fulana zake za kijani, na unga wake usoni. Mwalimu alitazama jua, lakini safari hii hakulitaja.

Wakati huo, ndugu zangu, ndipo watu wale waliposubiri. Ndiyo mara ya kwanza siku hiyo. Zile nyingine zote walikuwa wanapumzika.

Pumzi ilipomrudia, miguu ilipoacha kutetemeka, binti akasimama. "Nitaendelea. Nimemwahidi mama nitafika kwa miguu yangu. Sufuria nitaibeba, keria ninayo. Hivi vingine gawaneni."

Wakagawana. Mmoja akachukua chumvi mfukoni, mwingine vijiko. Unga ukaingia kwenye mabegi. Mwalimu akajifunga turubai mgongoni, nalo likayafunika yale maneno ya fulana yake, na pengine ni afadhali. Maharage yakaangukia kwa kijana wa gia. Wakamfunga nayo mgongoni kwa mipira ileile.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo mfano unapogeuka.

Kilima cha nne. Wenye chumvi na vijiko walifika mbele. Binti wa viazi akafika katikati, sufuria inapiga kelele kama kengele. Mwalimu akafika. Binti wa miwani, ambaye cheni yake ilikazwa wakati wa mapumziko, akafika anacheka peke yake. Kijana wa gia hakuonekana. Wakakaa. Wakanywa maji. Mtu akalala chali.

Akaja, hatimaye. Alikuwa anasukuma. Mipira imemkata mabega, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kope, ile midomo yake ya maneno mengi iko wazi, inatafuta hewa. Na alipotia tu mguu kileleni, mmoja wa waliokuwa mbele, kwa mazoea, akaweka mikono mdomoni: "Piiip! Piiip! Lori hilo!" Na mwingine, kwa mazoea yaleyale: "Wamefika wote, haya twende!" Na kundi zima, hao hao waliojifunza kilima kilichopita, hao hao wenye unga bado masikioni, wakainuka na kupanda baiskeli.

Kijana akaegemea usukani. Akasubiri sauti imrudie. Ilipomrudia, alisema nini?

Mnalikumbuka. Niliwaambia mlishike.

"Na sisi," akasema, "na sisi tutapumzika saa ngapi?"

Binti wa viazi alikuwa na mguu mmoja juu ya pedali. Alisikia. Angeweza kupiga honi, na haki ya kupiga alikuwa nayo kuliko mtu yeyote barabarani. Wangapi wetu humu tungeikosa nafasi ile? Tungepiga honi mpaka ziwa lisikie.

Alishuka. Akalaza baiskeli. Akafungua mipira, akashusha sufuria, akaifunika chini mbele ya miguu ya yule kijana.

"Sasa," akasema. "Kaa."

Kisha akawageukia wenzake. "Na ninyi shukeni."

Wakashuka.

Mnataka kujua kama alifika? Alifika. Alifika kwa miguu yake, akaliona ziwa, na baiskeli ilirudi kwa mama ikiwa nzima, ila sufuria ya kanisa ndiyo yenye mabonyeo mpaka leo. Lakini angalieni tulivyo: sote tulitaka kujua kama alifika. Nani kati yetu alitaka kujua kama alipumzika?

Huo ndio ugonjwa wetu, na nausema kwa uchungu kwa sababu naupenda usharika huu. Sisi ni watu wa kileleni. Mwezi uliopita tulikuwa na semina hapa hapa, siku nzima, somo lilikuwa upendo. Tulifundishwa, tukaandika, tukalia, tukakumbatiana. Nyuma ya ukuta huu, mama zetu na dada zetu walikuwa jikoni tangu alfajiri, macho mekundu kwa moshi, wanapika tule tupate nguvu za kuendelea kujifunza upendo. Walipomaliza kuosha vyombo, wakaingia wamejifuta mikono kwenye vitenge, wakatafuta pa kukaa. Na mtu akasema nini pale mbele? "Karibuni, akina mama, tuliwasubiri. Tusimame tufunge kwa sala."

Tusimame! Hawajakaa bado!

Mjane wa mtaa wetu tulimkalia msiba, tukalala kwake, tukaimba. Yeye siku zile alikuwa anahudumia wageni, hana hata nafasi ya kulia. Siku alipopata nafasi ya kulia, tulikuwa tumeshakunja mikeka, tunamwambia ajikaze, maisha yaendelee. Na binti aliyerudi shuleni baada ya kujifungua, anamkuta mwalimu yuko mwisho wa kitabu: "Tulikusubiri, sasa twende." Mlimsubiri mkiwa wapi? Mlikuwa mmekaa!

Usiniambie unamwonea mtu huruma kwa sababu ulisimama kileleni. Kileleni kuna kivuli, kuna maji, kuna majani ya kulalia. Huruma inaanza pale mtu anapofika anahema, na wewe, ambaye umeshapumzika, ambaye miguu yako inawasha kuondoka, ambaye una haki zote za kuondoka, unashuka tena.

Basi sina maneno mengi zaidi. Leo baada ya ibada kuna chakula, mnasikia harufu yake tangu nilipoanza kusema. Akina mama wako jikoni. Hawakuusikia mfano huu, na hawauhitaji. Naomba jambo moja tu. Mama wa mwisho akitoka jikoni na sahani yake, msisimame. Msogezeeni kiti, akae, na mkae naye mpaka amalize kula.